KUACHA KAZI SI KUSAMEHE DENI

Mtu anapoacha kazi kwa hiari yake, akaandika barua, akaikabidhi ofisini na kwenda zake, jambo moja tu huwa limekwisha, nalo ni wajibu wake wa kuendelea kufanya kazi siku za mbele. Jasho alilokwisha kulitoa halirudi mwilini, wala ujira wa jasho hilo haugeuki kuwa zawadi kwa tajiri. Hata hivyo, katika visiwa vyetu imejengeka dhana kwamba aliyefukuzwa ndiye mwenye madai, na aliyeondoka mwenyewe hana la kudai. Waajiri wengine huisema dhana hiyo waziwazi. Wafanyakazi wengi huiamini kimya kimya. Baadhi ya watendaji wanaofikiwa na malalamiko haya nao huyapokea kana kwamba mlalamikaji anaomba msaada, ilhali anadai mali yake.

Gazeti hili linaona kwamba dhana hiyo ni ya makosa, na kwamba madhara yake yanazidi kukua kadiri watu wetu wengi wanavyoingia katika ajira ya watu binafsi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Unguja na Pemba. Mwaka 2023 visiwa hivi vilipokea watalii zaidi ya 600,000. Nyuma ya kila mgeni kuna mpishi, mtandika vitanda, mhudumu wa mezani, dereva, mlinzi wa usiku na mkata majani wa bustanini. Vijana wa Micheweni na Wete wamo katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani. Wengine wamo katika makampuni ya ulinzi, skuli za binafsi, ujenzi na maduka ya mjini. Hawa hawakai kazi moja mpaka uzeeni kama walivyokaa wazee wao Serikalini. Huhama wakafuata mshahara ulio bora, au nyumba iliyo karibu, au kwa sababu wamechoka kuvumilia. Kila mmoja anapohama huacha nyuma yake hesabu isiyofungwa, na wengi hawaifuati tena.

DENI LENYEWE NI LIPI

Kwanza yafaa tulieleze deni hili, maana neno «malimbikizo» limezoeleka mno katika habari za watumishi wa Serikali hata mfanyakazi wa hoteli akadhani halimhusu. Anayeacha kazi huwa na mafungu kadhaa ya kuangalia. Lipo fungu la siku alizofanya kazi katika mwezi wa mwisho, hata kama mwezi haukutimia. Yapo mapunjo ya miezi ya nyuma, pale alipolipwa pungufu ya mkataba au alipoambiwa asubiri biashara ichanganye. Yapo malipo ya saa za ziada na ya sikukuu alizofanya kazi. Zipo siku za likizo alizostahiki na hakuzichukua. Ipo pia michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 2 ya 1998, ambayo ilikatwa katika mshahara wake na ambayo hapana budi iwe imefika Mfukoni. Mchango uliokatwa usifike ni deni baya kuliko yote, kwa sababu mfanyakazi aliutoa, akaamini umehifadhiwa, na huenda asijue ukweli mpaka siku ya uzee au ya maradhi.

Na tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme mhudumu analipwa Sh. 390,000 kwa mwezi naye hufanya kazi siku sita kwa wiki, yaani siku 26 kwa mwezi. Ujira wake wa siku ni Sh. 15,000. Ameacha kazi baada ya kutoa notisi na kuitimiza, na katika mwezi wa mwisho alifanya kazi siku 15, ambazo ni Sh. 225,000. Hakuchukua siku 12 za kazi za likizo yake, nazo ni Sh. 180,000. Katika miezi miwili ya masika alilipwa Sh. 300,000 tu kila mwezi kwa ahadi kwamba baki yake itafuata, kwa hivyo anadai tena Sh. 180,000. Jumla ni Sh. 585,000. Yeye naye alikopa ofisini Sh. 60,000 na hakuzirudisha. Zikitolewa hizo, anabakiwa na haki ya Sh. 525,000.

Kwa mwenye hoteli ya vyumba mia fedha hizo ni kidogo. Kwa mhudumu huyo ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima: kodi ya nyumba, karo ya watoto, nauli ya boti ya kwenda kwao na unga wa nyumbani mpaka apate kazi nyingine. Aliye mdogo hudhulumiwa kwa mafungu madogo, na kila fungu likitazamwa peke yake huonekana halistahili ugomvi. Ndiyo maana madai haya hupotea. Yakikusanywa ya watu mia moja walioacha kazi katika msimu mmoja, kila mmoja akidai kiasi hicho, yatafikia Sh. 52,500,000. Hizo si fedha ndogo, nazo huwa zimetoka katika vijiji vyetu na kubaki mahali ambapo hazistahili kubaki.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 23, inatambua haki ya kila afanyaye kazi kupata malipo ya haki. Katika Zanzibar, mambo ya mikataba, mishahara, likizo na kumalizika kwa ajira yamo katika Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Sheria ya Uhusiano Kazini Na. 1 ya mwaka huo huo ndiyo inayoweka njia ya kutatua migogoro, kuanzia usuluhishi katika Kitengo cha Kushughulikia Migogoro ya Kazi mpaka Mahakama ya Kazi. Kwa hivyo mwenye madai hakosi mlango wa kubisha.

Lazima ieleweke pia kwamba kazi na ajira si jambo la Muungano. Hapa wengi hujikwaa. Mtu wa Chake Chake aliyefanya kazi Dar es Salaam, akaacha na kurudi kwao, madai yake hufuata sheria ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, na hupelekwa katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya huko. Aliyefanya kazi Kiwengwa hufuata sheria ya Zanzibar, hata akiwa mzaliwa wa Tanga au Mwanza. Kinachotazamwa ni mahali kazi ilipofanyika, si mahali alipozaliwa mfanyakazi. Mtu akienda kwa mlango usio wake hupoteza wiki nzima akizungushwa, na katika madai haya siku zina thamani. Kwa upande wa Bara, kanuni za mwaka 2007 zinatoa siku 30 tu kwa anayepinga kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine, ikiwamo ya mishahara. Anayechelewa lazima kwanza aombe kuruhusiwa kwa kueleza sababu za kuchelewa kwake. Mkaazi wa visiwani aliyekuwa na kazi Bara, akarudi nyumbani kupumzika miezi mitatu kabla ya kufuata haki yake, hukuta mlango umekwisha kurudishwa.

Juu ya sheria zetu za ndani upo Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1949 juu ya hifadhi ya mishahara, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mkataba huo unataka kwamba ajira inapomalizika, mishahara yote inayodaiwa ilipwe kwa ukamilifu kama sheria ya nchi ielekezavyo, au, pasipo na maelekezo, katika muda wa kuridhisha. Haukutofautisha baina ya aliyefukuzwa na aliyeacha mwenyewe. Tofauti hiyo ina maana katika mambo mengine, kama vile fidia ya kuachishwa kazi bila ya haki au kiinua mgongo. Katika ujira uliokwisha kufanyiwa kazi haina maana yoyote.

VISINGIZIO VINAVYOZOELEKA

Kisingizio cha kwanza ni kile tulichokitaja: «Uliacha mwenyewe.» Hiki tumekwisha kukijibu.

Cha pili ni notisi. Mwajiri husema kwamba mfanyakazi aliondoka bila ya kutoa notisi, basi amepoteza kila kitu. Hapa pana chembe ya haki, lakini imetiwa maji mengi. Sheria ya Bara, kwa mfano, inampa mwajiri ruhusa ya kukata fedha za siku za notisi ambazo mfanyakazi alikataa kuzifanyia kazi. Turudi kwa mhudumu wetu. Lau angeacha siku 12 za kazi katika notisi yake bila ya kuzitimiza, kanuni hiyo ingemkata Sh. 180,000, na hata hapo angebaki na Sh. 345,000 za kudai. Makato yana kipimo chake, na kosa la siku kadhaa halimpi mtu ruhusa ya kuchukua jasho la miezi.

Cha tatu ni hasara: sahani zilizovunjika, shuka zilizopotea, simu ya ofisi isiyorudishwa. Mwajiri aliyepata hasara ya kweli ana haki ya kulipwa. Lakini Mkataba wa 1949 unakataza makato yasiyokuwa na msingi katika sheria au makubaliano halali. Sheria ya Bara imekwenda mbali zaidi, kwani inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi sababu na hesabu ya hasara, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasipite robo moja ya mshahara wake. Hesabu ya vyombo vilivyovunjika ikitolewa siku ile mtu anapoomba kilicho chake, wakati haikutajwa hata siku moja alipokuwa kazini, kila mwenye akili ataitilia shaka.

Cha nne ni kile cha «tajiri hayupo». Hoteli imeuzwa, meneja amehama, jina la langoni limebadilishwa. Mfanyakazi huambiwa kwamba waliopo sasa hawamjui. Ni vyema kila mfanyakazi aelewe kwamba jina lililoandikwa langoni na jina la kampuni iliyomwajiri mara nyingi ni mawili mbalimbali. Mdaiwa ni yule aliyetajwa katika mkataba. Asiyelijua jina hilo huenda akashitaki kibao.

Cha tano, nacho ndicho cha hatari kuliko vyote, ni karatasi ya kutia saini. Mfanyakazi huambiwa atie saini kwamba amelipwa haki zake zote, kisha ndipo apewe chochote. Naye, akiwa na shida na boti inamngojea, hutia saini akapokea robo ya haki yake. Baadaye akidai, karatasi hiyo huwekwa mezani mbele ya msuluhishi. Ushauri wetu ni mwepesi: asiyelipwa yote asitie saini kwamba amelipwa yote. Akilazimika kupokea kiasi, na aandike kwa mkono wake kiasi alichopokea na kwamba ni sehemu tu ya madai yake.

MUHALI NA DAFTARI

Tungekuwa tumesema nusu ya ukweli lau tungewalaumu waajiri peke yao. Liko jambo letu wenyewe linaloyafanya madai haya yafe, nalo ni muhali. Sisi ni watu wa visiwa vidogo. Mwenye duka ni jirani, mwenye skuli ni shemegi, meneja wa hoteli alisoma na kaka yetu, na kazi yenyewe ilipatikana kwa kuombewa na mjomba. Mtu akiacha kazi huona haya kurudi na kudai, asije akaambiwa kwamba amekosa fadhila. Wazee nao humwambia amwachie Mungu. Hivyo ndivyo haki ya wazi inavyozikwa kwa jina la heshima.

Subira ni tabia njema, na kusameheana kuna thawabu. Lakini msamaha ni wa mwenye haki kuutoa akiwa anakijua anachokisamehe, si wa mdaiwa kuuchukua kwa nguvu. Dini yetu imetufundisha kuharakisha ujira wa mfanyakazi kabla ya jasho lake kukauka. Mafundisho hayo yalielekezwa kwanza kwa mwenye kulipa. Haifai kuyageuza yakawa mzigo wa subira juu ya mwenye kulipwa.

Jambo la pili ni karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wafanyakazi wengi huingia kazini kwa maneno, hulipwa mkononi, na huondoka bila ya ushahidi wowote ila kumbukumbu. Kwa upande wa Bara, sheria imeuweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mwajiri anaposhindwa kuleta mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, na inamtaka ayahifadhi maelezo hayo kwa miaka mitano baada ya ajira kumalizika. Hata hivyo, si busara kwa mfanyakazi yeyote, awe Bara au visiwani, kuutegemea mzigo wa mwenzake. Na aweke nakala ya mkataba, hati za mshahara, taarifa za benki, ujumbe wa simu unaothibitisha malipo, orodha ya zamu na barua ya kuacha kazi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiyepewa hati ya mshahara na awe na kijitabu chake mwenyewe, aandike kila mwezi alichopokea na tarehe. Kijitabu kilichoandikwa mwezi hata mwezi kina nguvu kuliko kiapo cha siku moja. Taarifa ya michango yake na aiulize Mfukoni angali kazini, asingoje siku ya kuondoka.

Kisha na aandike barua ya madai. Barua hiyo haihitaji ukali wala matusi. Inataka jina kamili, kazi, tarehe ya kuanza na ya kuacha, hesabu ya kila fungu na siku anayotaka jibu. Kwa sheha mtu anaweza kupata barua ya utambulisho na ushahidi wa makaazi, lakini sheha hana mamlaka ya kuamua mshahara. Kituo cha polisi nacho si mahali pa deni la ujira. Njia iliyo sawa ni Kamisheni ya Kazi na Kitengo cha migogoro, na yafaa iendewe ndani ya wiki zile zile za kuacha kazi.

ALIYEONDOKA HUSIMAMA PEKE YAKE

Historia yetu inaonyesha kwamba ujira katika visiwa hivi haukupatikana kwa kuomba tu. Wachukuzi wa bandarini walipogoma mwaka 1948, na mgomo wao ukaenea mjini, dola ya kikoloni ilijifunza kwamba mji hauli wala haunywi bila ya mikono ya wafanyakazi. Nguvu ya watu wale ilikuwa katika kusimama pamoja. Lakini aliyeacha kazi amekwisha kutoka katika safu. Wenzake wamo ndani na wanaogopa kumtolea ushahidi, wasije wakaonekana wachochezi. Uanachama wake katika chama cha wafanyakazi mara nyingi hukoma pamoja na makato ya ada yake. Hana cha kumtisha mwajiri, kwani kazi, ambayo ndiyo silaha ya mfanyakazi, ameiweka chini mwenyewe. Kwa sababu hiyo anayeacha kazi ni mnyonge kuliko hata anayefukuzwa, maana wa pili huonewa huruma na wa kwanza huulizwa kilichomtoa.

Hapa tunatoa wito kwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi Zanzibar kuona kwamba vyama vyake vinaendelea kumsimamia mwanachama mpaka hesabu yake ya mwisho ifungwe, hata kama amekwisha kuondoka. Chama kinachomwacha mtu langoni siku ya kutoka kitapata taabu kumshawishi ajiunge siku ya kuingia kazi nyingine.

Haki nayo haina upande mmoja. Wako waajiri waaminifu wanaoachwa katikati ya Agosti au wiki ya mwisho wa Desemba, hoteli imejaa na mpishi hayupo, kwa sababu jirani ameongeza Sh. 50,000. Mfanyakazi anayeondoka usiku na sare ya kazi na funguo za stoo anamuumiza mwajiri wake, na pia anawaharibia wenzake wanaodai kwa njia nyoofu. Anayetaka kulipwa siku zake zote na atoe notisi yake yote, akabidhi vitu kwa orodha na aondoke mchana. Jumuiya ya Waajiri Zanzibar ingefanya jambo la maana kuwazoesha wanachama wake kufunga hesabu siku ile ile ya makabidhiano. Mwajiri anayelipa vizuri anapoteza soko kwa yule anayepunguza gharama zake kwa kula mishahara ya walioondoka, na ushindani wa namna hiyo si biashara.

WAJIBU WA SERIKALI

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ni msimamizi wa sheria, na papo hapo ni mwajiri mkubwa. Mwalimu au muuguzi aliyeacha kazi ya umma akiwa na mapunjo ya kupandishwa daraja, au posho iliyoidhinishwa isilipwe, naye ni mdai kama mhudumu wa hoteli. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 2 ya 2011 haikumfanya mtumishi kuwa mfadhili wa Hazina. Ofisi ya umma inapochelewesha malipo ya mwisho kwa sababu jalada halionekani, huwafundisha waajiri binafsi kwamba kuchelewesha ni jambo la kawaida. Serikali ikilipa kwa wakati, itakuwa na uso wa kumkemea asiyelipa.

Tunashauri mambo manne. La kwanza, kila ajira inapomalizika kwa njia yoyote, mwajiri atakiwe kumpa mfanyakazi hati ya hesabu ya mwisho, kwa Kiswahili, yenye kuonyesha kila fungu na kila kato, na nakala yake ipatikane kwa ofisa wa kazi anapoitaka. Hati hiyo ikiwa ya lazima, muhali utaondoka wenyewe, maana hakuna atakayeonekana mkorofi kwa kuuliza kitu ambacho kila mtu hupewa.

La pili, maofisa wa kazi wawafuate watu walipo. Mdai wa Sh. 525,000 aliyekwisha kurudi Konde au Kengeja hawezi kuvuka bahari mara nne kwa ajili ya tarehe za usuluhishi, kwani nauli na kulala mjini vitamaliza alichokifuata. Kama kazi ilifanyika Unguja na mdai yuko Pemba, basi madai na yapokelewe Pemba, na usuluhishi ufanyike kwa namna isiyomtaka mdai asafiri kila mara. Vivyo hivyo maofisa wafike kwa ratiba inayojulikana katika mikoa ya Kaskazini na Kusini Unguja, ambako hoteli ziko nyingi.

La tatu, hoteli au kampuni inapouzwa, kubadilishwa jina au kuomba leseni mpya, mamlaka zinazohusika ziulize kwanza juu ya mishahara inayodaiwa. Mwaka 2020, ndege za kimataifa zilipositishwa na hoteli zikafungwa, sote tuliona jinsi ajira inavyoweza kukatika kwa wiki chache. Siku kama zile zikirudi, asiyekuwa na hati mkononi atakuwa wa mwisho kukumbukwa. Mkataba wa 1949 umeagiza kwamba mwajiri akifilisika, wafanyakazi wahesabiwe kuwa wadai wenye kipaumbele kwa mishahara yao. Agizo hilo litakuwa na maana pale tu ambapo madeni hayo yanajulikana mapema.

La nne, elimu itolewe kwa lugha nyepesi katika redio, skulini na shehiani. Kijana anayemaliza skuli anafundishwa namna ya kuandika barua ya kuomba kazi. Na afundishwe pia namna ya kuandika barua ya kuacha kazi na ya kudai kilicho chake.

Hatusemi kwamba kila anayedai ana haki ya kila anachokidai. Tunasema kwamba kila anayedai ana haki ya kufanyiwa hesabu, hesabu hiyo iwekwe kwenye karatasi, na kilichothibitika kilipwe bila ya kuzungushwa. Ujira uliokwisha kufanyiwa kazi ni mali ya mtu iliyo katika mikono ya mwingine, na kuacha kazi hakuhamishi umiliki wake. Dawa ya deni ni kulipa. Mwenye kudaiwa na alipe, mwenye kudai na asione haya kuuliza, na ofisi zilizowekwa kwa kazi hii na zifungue milango yake mpaka kwa mtu wa shamba wa mwisho.